Kweli au Si Kweli? Padri, Papa na Mwanzo wa Ulimwengu

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Likizo iliyopita alinivuta pembeni, mbali na masikio ya bibi yake, akaniuliza: "Mjomba, nikiukubali Mlipuko Mkuu, nitakuwa nimeacha dini?" Swali lile limenikaa moyoni. Namjibu hapa kwa kuyapima madai ninayoyasikia, mengine mimbarini, mengine vijiweni.

"Mlipuko Mkuu ulibuniwa na wasioamini ili wamwondoe Muumba."

Si kweli, na hapa nitakaa kidogo. Aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianza na hali moja iliyobanana, inayoweza kufuatiliwa kwa fizikia, alikuwa padri wa Kikatoliki: Georges Lemaître, Mbelgiji. Alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapigana Vita Kuu ya Kwanza katika kikosi cha mizinga, akapata upadri mwaka 1923, kisha akaenda Cambridge kusoma kwa mwanafalaki Arthur Eddington. Mwaka 1927 alichapisha makala katika jarida la Brussels lililosomwa na wachache. Alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu unaotanuka, na kwamba ndiyo sababu galaksi za mbali zinaonekana zikitukimbia. Mrusi Alexander Friedmann alikuwa ameshafika kwenye hesabu za namna hiyo mwaka 1922, ila hakuziunganisha na galaksi zilizopimwa.

Mwaka huohuo wa 1927 Lemaître alikutana na Einstein mjini Brussels. Einstein alimwambia hesabu zake hazina kosa, lakini fizikia yake haivumiliki. Miaka miwili baadaye mwanafalaki Edwin Hubble akatoa vipimo vyake: kadiri galaksi ilivyo mbali, ndivyo inavyozidi kwenda kasi. Padri yule hakuishia hapo. Kama ulimwengu unatanuka, alisema mwaka 1931, basi jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na ukirudi nyuma vya kutosha utavikuta vyote vimeshikamana. Hali hiyo akaiita atomu ya mwanzo.

Waliosita sana walikuwa wanasayansi wenyewe. Eddington, mwalimu wake, alikiri kwamba wazo la mwanzo linamchukiza kifalsafa. Fred Hoyle wa Uingereza na wenzake wawili wakaja mwaka 1948 na nadharia ya ulimwengu usio na mwanzo wala mwisho. Kwa hiyo anayesema wazo hili lilizaliwa kwa chuki dhidi ya dini ameigeuza historia kichwa chini, na inaniuma kuona kijana akibebeshwa hofu kwa sababu ya kosa la namna hiyo.

"Ulikuwa mlipuko, kama wa bomu."

Si kweli. Jina ndilo linalopotosha, na lilitolewa na mpinzani: Hoyle, katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949. Bomu hulipuka mahali fulani, vipande vikarukia nafasi iliyokuwapo tayari. Hapa nafasi yenyewe ndiyo iliyotanuka. Fikiria unga wa maandazi uliokandwa na punje za iliki, kisha ukaachwa uumuke. Kila punje inaziona nyingine zote zikisogea mbali nayo, wala hakuna punje iliyo katikati. Tofauti ni kwamba unga una ukingo wake bakulini, na ulimwengu hatujauona ukingo.

"Sayansi imethibitisha kwamba vyote vilitokea pasipo chochote."

Si kweli. Inachosema ni kwamba yapata miaka bilioni 13.8 iliyopita ulimwengu tunaouona ulikuwa na joto na msongamano wa kupita kiasi, kisha ukatanuka na kupoa. Ukizirudisha hesabu hadi sifuri kamili, milinganyo inakatika. Kwa nini kuwe na chochote kabisa? Swali hilo halipimwi kwa darubini.

"Sayansi sasa imeyathibitisha Maandiko."

Si kweli, hata kama wengi wetu tungependa iwe hivyo. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius XII aliliambia Baraza la Kipapa la Sayansi kwamba sayansi ya kisasa imekuwa kama shahidi wa ile siku nuru ilipoumbwa. Lemaître, mjumbe wa baraza hilohilo, hakufurahi. Kwake nadharia ilikuwa jambo la kupimwa, na lililopimwa leo kesho linaweza kusahihishwa. Mwaka 1958 alieleza mbele ya wanasayansi wenzake kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya dini: asiyeamini yuko huru kutoamini, na anayeamini hapati humo njia ya mkato ya kumfikia Mungu.

Kwetu Waislamu nako aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayotaja mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, siku hizi hufasiriwa kuwa ni Mlipuko Mkuu. Wafasiri wa kale walikuwa na maelezo mengine. Mojawapo ni kwamba mbingu ilifunguliwa kwa mvua na ardhi kwa mimea. Tena ardhi hii ilitokea miaka bilioni tisa hivi baada ya ule mwanzo. Naiheshimu aya, ndiyo maana sitaki kuifunga kamba kwenye kitabu cha fizikia ambacho huandikwa upya kila kizazi.

"Ni nadharia tu."

Neno lenyewe linatuponza. Shuleni nadharia ni kinyume cha vitendo, yaani mambo ya daftarini. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyokwisha kubanwa na vipimo. Mwaka 1964 wanafalaki wa redio Arno Penzias na Robert Wilson walisumbuliwa na mvumo kwenye antena yao huko Holmdel, New Jersey. Waliigeuza kila upande, wakawafukuza njiwa waliokuwa wakiishi humo, wakakwangua kinyesi chao, na mvumo ukabaki vilevile, usiku na mchana. Ilikuwa nuru ya kale, iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, sasa imepoa hadi nyuzi 270 za selsiasi chini ya sifuri. Zile chenga za televisheni za zamani, sehemu ndogo yake ilikuwa nuru hiyohiyo. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1978.

Habari ya mvumo ule ilimfikia Lemaître akiwa mgonjwa hospitalini mjini Leuven, Juni 1966. Aliyempelekea ni Odon Godart, msaidizi wake wa zamani. Padri alifariki tarehe 20 ya mwezi huo.