Ndugu yetu anaumwa ng'ambo: twende au tungoje?

Wengi wetu hapa Kagera tuna ndugu Uganda. Tarehe 20 Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa wilayani Mubende, akina mama walitujia hospitalini wakiuliza: "Sista, dada yangu anaumwa kule. Niende kumuuguza?"

Swali hilo ni zito, maana kuuguza wagonjwa na kuzika wafu ni matendo ya huruma. Lakini ni hapo hasa Ebola inapoambukiza: kwa kugusa damu, matapishi au choo cha mgonjwa, na hata maiti yake.

Kabla ya kufunga safari tujiulize:

1. Je, njia iko wazi? Mubende na Kassanda zilifungwa Oktoba 2022.

2. Je, huko nitamgusa mgonjwa au maiti?

3. Nikirudi, je, nitaweza kujiangalia siku 21, mbali na watoto?

Tukiwa na shaka, tungoje. Kutuma fedha kwa simu, kuzungumza na mgonjwa na kumwombea Misa ni upendo pia.

Aliyekwisha kwenda asifiche. Akipata homa au kutapika ndani ya siku 21, asipande basi. Akae peke yake, apige simu kituo cha afya, naye atafuatwa.

Ugonjwa ule ulitangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023. Waliongoja walikwenda kuhani na kusali kaburini. Kaburi linaweza kungoja. Watoto wetu wanatuhitaji tukiwa hai.