Dogi Akiwaka kwa Daki

Wasee wa Malindi na Kilifi, kuna dogi ambaye hana noma na mtu mpaka siku ya daki. Kwa hao ni mtamu, anajua mathe, anajua mabeshte zako wote, anajua hadi mse wa maji na mkokoteni wake. Ukimfikisha tu kwa agroveti, ama pale chini ya mwarobaini siku ya chanjo, anawaka. Anarukia kila mtu, anabweka hadi sauti inakauka, anakuzungusha na kamba mpaka miguu inafungika, anadai kusalimia mbuzi, kuku, watoi na daki mwenyewe. Wasee wanakimbia, wengine wanacheka, na we unaanza kuvuta kamba na kumpigia nduru. Hapo ndo ngori inaanza.

Mi hii stori naichukulia siriasi juu huku kwetu inagusa maisha ya watu. Kichaa cha mbwa kiko Kenya kitambo. Kesi ya kwanza kuandikwa ilikuwa ya dogi mmoja pembeni ya Nairobi, 1912. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado kinaua Wakenya kila mwaka. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 hivi kwa mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote wakiwa wameng'atwa na mbwa, na kama 4 kati ya 10 ni watoi wa chini ya miaka 15. Dalili zikishatokea kwa mtu, hosi haina la kufanya zaidi ya kumpunguzia maumivu.

Lakini kinazuilika, na kuzuia kwenyewe ni kudunga dogi. Serikali ilitoa mpango wa kukimaliza kati ya 2014 na 2030, na hesabu yake inasimama hapa: dogi 7 kati ya 10 wakidungwa, ugonjwa unakosa wa kumrukia na unakatika. Pemba, hapo tu kusini mwetu, walipiga chanjo kampeni baada ya kampeni, kichaa kikaisha. Kikaletwa tena 2016, wakarudi na sindano, kikaisha tena. Hao ni watu wa bahari hii hii yetu.

Sasa jiulize nani anabaki nje ya hao 7. Mara nyingi ni huyu dogi wa kuwaka. Mwenyewe anasema huyu ataniaibisha mbele ya chifu, wacha abaki hao. Mwaka unapita, mwingine unapita. Na ndo huyo huyo anayeruka ukuta, anayecheza na watoi wote wa mtaa, anayekutana na kila dogi mgeni Muyeye ama Mnarani. Yule mpole aliyelala kivulini ashapata yake zamani. Kumtuliza huyu wa kuwaka ni kulinda mtaa mzima, na hiyo kazi inafanywa na sisi vijana, juu sisi ndo tuko nao kutwa.

Kitu ya kwanza, sare kumwita mkaidi. Furaha ikizidi na woga ukizidi, mwili wa dogi unafanya mambo karibu sawa: moyo unaenda mbio, adrenalini inapanda, masikio hayaskii tena jina lake. Mkia ukitikisika haumaanishi ako fiti. Mcheki mdomo: anajilamba pua na hakuna dishi, anapiga miayo na hana usingizi, anageuza kichwa huku jicho likionyesha weupe pembeni. Huyo anakuambia imemzidi. Ukimchapa hapo, anajifunza kitu moja tu, kwamba mahali pa daki panauma hata kabla ya sindano. Mwaka ujao ataanza kuwaka mkiwa bado kwa barabara.

Kipimo changu ninachokiamini zaidi ni dishi. Mpe kitu anachopenda sana. Akichukua taratibu, ako sawa. Akinyakua hadi anakuuma vidole, ameanza kupanda. Akikataa kabisa, ashapita pale anapoweza kujifunza, na kazi yako ni kumsogeza mbali mpaka akubali kula. Sophia Yin, daki wa Marekani aliyefariki 2014, alitumia miaka yake mingi kufundisha madaki wenzake kushika wanyama bila kuwabana kwa nguvu, na dishi lilikuwa katikati ya kazi yake. Kwetu halihitaji doh nyingi. Dagaa wakavu wasio na chumvi, ama maini yaliyochemshwa na kukatwa vidogo vidogo, yanamshika dogi kuliko biskuti yoyote ya supamaketi. Ng'onda achana nayo, chumvi yake ni nyingi.

Mazoezi yanafanyiwa hao, jioni jua likishapoa, wiki kadhaa kabla ya siku. Gusa sikio, mpe dagaa. Inua mguu, mpe. Funua mdomo kidogo, mpe. Shika ngozi ya shingoni na uifinye kiasi, hapo ndo sindano nyingi hupita, mpe. Mpangilio ni huo: mguso kwanza, dishi baadaye, ili mguso wenyewe uwe habari njema. Ukimwonyesha dishi kwanza atajua ni mtego. Akijivuta, rudi kwa mguso mdogo aliokubali jana. Dakika mbili tatu zinatosha, na uache akiwa bado anadai kuendelea. Baadaye chukua kalamu iliyofungwa, bonyeza ile ngozi kama sindano. Pata pamba yenye spiriti, iweke kando huku anakula, juu harufu hiyo ndo inayomshtua kabla hajamwona mtu yeyote. Kisha mwite beshte wako ambaye dogi hamjui vizuri, naye afanye hivyo hivyo, mos mos, bila kumwinamia wala kumkazia macho.

Kamba nayo inataka yake. Dogi wengi wa huku wamekua bila kufungwa, wanazunguka kutoka shamba la minazi hadi ufuoni. Halafu siku ya chanjo mtoi anamtia kamba ya manila shingoni na kumkokota. Hata ungekuwa we, ungepigana. Nunua kola pana, ama shona kutoka kwa mkanda wa begi la zamani, mvalishe akiwa anakula. Siku nyingine funga kamba, aiburute tu ndani ya ua ukiwa unamwona. Halafu ishike bila kuvuta. Akija upande wako mwenyewe, dagaa. Ikifika siku yenyewe, kamba ni kitu anachokijua.

Kama ni wa kung'ata akipanik, mzoeshe kifunga mdomo, na hapa nawaomba mskize kwa makini. Chukua kile cha kikapu, chenye nafasi ya kufungua mdomo na kutoa ulimi. Dogi hapoi kwa jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa kibana, kwa joto la Malindi la Februari, mwili wake unaweza kuchemka hadi afe hata kama sindano ilienda poa. Weka maini ndani ya kikapu, aingize pua mwenyewe. Usimkimbize kumfunga.

Siku yenyewe toka mapema, jua halijakaza. Wasee wengi hudhani umkimbize ufuoni hadi achoke. Hiyo hupandisha wengine zaidi, wanafika kwa daki wakiwa wamewaka na wamepata joto. Mtembeze polepole na kamba ndefu, anuse kila kichaka anachotaka. Kunusa kunamshusha. Asile shibe asubuhi, ndo dagaa wapate thamani.

Usafiri, tuheshimiane. Baadhi ya majirani zetu na madere wa tuktuk ni Waislamu, na mate ya mbwa kwao ni najisi. Kuna utaratibu wa kuosha mara saba, mmoja ukiwa na udongo. Usimwingize dogi kwa tuktuk ya mtu halafu ndo uulize. Piga simu jioni, sema wazi una mbwa, beba gunia safi na shuka la kutandika, na ukiambiwa zii, shukuru na umtafute mwingine. Kwa nduthi, dogi mdogo akae ndani ya kreti iliyotandikwa na kufungwa vizuri. Huyu mkubwa wa kuwaka usimjaribu kwa nduthi. Kama hakuna njia, kuna madaki wa wanyama wanaokuja hadi nyumbani. Changeni na majirani, muitishe mmoja kwa asubuhi moja, hapo gharama inagawanyika na dogi anadungiwa mahali anapopajua.

Ukifika kwa daki, usimwingize moja kwa moja. Kaa naye nje kwa kivuli, mbali kiasi kwamba anaona na bado anakula. Beshte aingie kushika foleni, akupigie zamu ikifika. Beba kipande cha mkeka anacholalia hao. Sakafu ya taili inateleza, na dogi anayeteleza anajiona anaanguka, hapo anashika moto upya. Meza ya chuma ni mbaya zaidi. Mwombe daki amdungie chini, juu ya mkeka wake. Sema mapema, kwa adabu: daktari, huyu wangu ana wasiwasi, naomba nimshike mimi na beshte ampe chakula. Daki anayependa kazi yake atafurahi, juu ye ndo yuko karibu na meno. Halafu mmoja analishia mbele, dagaa baada ya dagaa bila kukatiza, daki anakuja kwa ubavu, sekunde chache, imeisha. Usimkumbatie kichwa kwa nguvu na usimwimbie pole pole pole kwa sauti ya kutetemeka. Sauti yako ya kila siku inatosha.

Na kati ya ziara, pita hapo siku zisizo na sindano. Salimia, mpe dagaa mlangoni, ondokeni. Dogi anaweka akilini kila mara alipofika mahali na kuondoka akiwa mzima.

Kampeni ya chini ya mti ni ngumu kuliko kliniki. Mbwa wengi, kelele, vumbi, watoi wa darasa la tatu wameshikilia minyororo mizito kuwashinda. Nawaomba msiwaachie watoi hii kazi. Mwenye nguvu za kumshika dogi ndo amlete. Uliza mapema kama chanjo ni ya bure na wanaanza saa ngapi, ufike wa kwanza kabla ya msongamano, ama usubiri mwisho wengi wakiwa wameondoka. Simama upande wa mti usio na foleni, kisha mtume mtu amwambie mdungaji yuko mmoja kule pembeni anayehitaji nafasi. Kutoka kwa foleni hadi kwako ni hatua chache, na kwa dogi wako hizo hatua ni kila kitu.

Kuna wale ambao hata ufanye yote bado wanapanda. Hao si kosa la mtu. Mwambie daki kabla ya siku, zipo dawa za kutuliza kama gabapentini na trazodoni anazoweza kukupimia umpe hao kabla ya kutoka. Zipimwe na daki, kwa uzito wa dogi huyo. Vidonge vya watu usiguse: ibuprofeni inaharibu tumbo na figo za mbwa, na za mathe za usingizi ni hatari. Mnazi pia zii, pombe ni sumu kwake.

Mtoi wa mbwa anaanza chanjo ya kichaa akiwa na miezi mitatu, halafu unarudia kila mwaka kama daki anavyoandika. Huo umri ndo rahisi zaidi kumzoesha. Mse aking'atwa ama kukwaruzwa, hata na dogi anayejulikana, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hosi siku hiyo hiyo. Usingoje kuona dogi atafanya nini.

Akishadungwa, msikimbie. Kaeni kivulini nusu saa hivi, mcheki uso usivimbe na pumzi iende sawa, mpe maji. Chukua kadi yenye tarehe na saini, ipige picha, juu karatasi huku haimalizi masika. Kwa simu weka alamu wiki tatu kabla ya tarehe ya mwaka ujao, ndo mazoezi ya sikio, mguu na shingo yaanze tena.