Ngumi anapiga bondia, saa anapanga mwenye televisheni

KINSHASA, Oktoba 30, 1974. Saa 10 alfajiri, muda ambao hata jogoo hajamaliza kuwika, uwanja umefurika watu wanaomsubiri Muhammad Ali na George Foreman.

Kwa nini pambano kubwa kiasi kile lipigwe alfajiri? Jibu lilikuwa New York. Huko ilikuwa saa 4 usiku wa Oktoba 29, na Wamarekani walikuwa wamejaa kwenye kumbi walikolipa kiingilio ili waone ngumi moja kwa moja kwenye skrini. Rais Mobutu Sese Seko ndiye aliyelipeleka pambano Zaire, lakini saa ilifuata mfuko wa mteja wa Marekani. Ali alimlaza Foreman raundi ya nane, watu wakarudi nyumbani asubuhi.

Manchester nako yalikuwa hayo hayo. Juni 2005, Ricky Hatton alimvaa Kostya Tszyu mbele ya mashabiki wa nyumbani, lakini kengele ilisubiri hadi saa 8 usiku ili Wamarekani walione pambano saa 3 usiku kupitia Showtime. Watu zaidi ya 20,000 walikesha. Tszyu hakuinuka kwenye kiti chake kwa raundi ya 12, na Hatton akabeba mkanda wa IBF.

Shabiki wa soka anaijua ishu hii. Mechi iliyopangwa jioni inasogezwa usiku kwa sababu ya televisheni. Tofauti ni kwamba kwenye soka, saa ikifika refa anapuliza filimbi. Kwenye ngumi, saa ya kwenye bango ni makadirio tu. Mapambano ya utangulizi yanaweza kuisha kwa KO ya dakika mbili, au yakaenda hadi raundi ya mwisho. Anayetoa ruhusa ya bondia kutoka chumbani ni mwenye kamera.

Sergey Kovalev anaijua habari hiyo vizuri. Novemba 2, 2019, Las Vegas, alikuwa anatetea mkanda wake wa WBO dhidi ya Saul 'Canelo' Alvarez. Pambano la mwisho la utangulizi lilikwisha raundi ya kwanza tu, Ryan Garcia akimmaliza Romero Duno. Kilichofuata ni kimya cha zaidi ya saa moja.

DAZN, waliokuwa wakirusha pambano, hawakutaka kugombea watazamaji na UFC, ambako Jorge Masvidal na Nate Diaz walikuwa wanazichapa New York usiku huohuo. Mabondia wakawekwa wasubiri. Canelo akauchapa usingizi kwenye kochi. Kengele ilipogongwa, New York ilikuwa imepita saa 7 usiku, na Afrika Mashariki watu walishakunywa chai ya asubuhi.

Canelo alishinda kwa KO raundi ya 11. Wote wawili walisubiri, hivyo huwezi kusema saa ndiyo iliyompiga Kovalev. Lakini fikiria mshambuliaji ameshapasha misuli, kisha anaambiwa arudi chumbani akakae. Bondia naye hupanga muda wa kula, kufungwa bandeji na kupasha mwili kwa kufuata saa aliyopewa. Mwili ukipoa, anayekwenda kupigwa ni yeye.

HBO waliachana na ngumi mwaka 2018, Showtime wakafuata 2023. Sasa mkwanja uko Saudi Arabia, lakini mchezo ni uleule. Mei 2024, Oleksandr Usyk na Tyson Fury walipanda ulingoni Riyadh usiku wa manane, ili Uingereza iwe bado Jumamosi usiku na Marekani jioni.

Riyadh na Dar es Salaam saa ni moja. Shabiki wa huku naye alikesha, ingawa ratiba haikupangwa kwa ajili yake.