Burkina Faso: Jina Lilitoka Wapi, na Mfaransa Akihepa Nini Hufuata?

Wasee wa TikTok mnamjua Kapteni Ibrahim Traoré. Lakini jina la nchi yake je?

Wafaransa waliiita Haute-Volta, yaani Volta ya Juu. Jina la mto tu, wenyeji hawamo! Agosti 4, 1984, Thomas Sankara akalitupa. "Burkina" ni Kimoore, watu waadilifu. "Faso" ni Kidiula, nyumba ya baba. Raia akawa Burkinabè, na hiyo "-bè" ikatoka kwa Wafulani. Lugha tatu zikachanganywa, kama tu sheng yetu.

Februari 2023 masoja wa Ufaransa walimaliza kazi huko, mafans wakashangilia. Shida ni JNIM, wale wa al-Qaeda, hawakuhepa. Agosti 2024 waliua mamia ya watu Barsalogho wakichimba mahandaki. Zaidi ya watu milioni 2 wamehama makwao.

Noma kuliko zote? Wafulani wanashukiwa kuwa upande wa magaidi. Human Rights Watch inasema Machi 2025 jeshi na mgambo waliua raia Wafulani zaidi ya 130 karibu na Solenzo. Traoré ataibeba nchi aje kama wenye "-bè" wanaogopa gwanda la jeshi lao?