Migusano ya mabaki ya asidi amino katika protini

Mgusano wa mabaki ya asidi amino ni hali ya sehemu mbili za protini kukaribiana kiasi kwamba atomu zake zinavutana au kusukumana. Uchambuzi wa migusano hiyo ni kazi ya bayokemia inayosaidiwa na kompyuta: mtafiti huchukua muundo wa protini uliokwisha kupimwa, hukokotoa umbali kati ya mabaki yake, kisha hueleza yapi yanagusana, kwa nguvu gani, na mgusano huo una kazi gani. Ugonjwa wa selimundu ni mfano mzuri wa umuhimu wake, kwa kuwa unatokana na mgusano mmoja usiotakiwa.

Maana ya baki

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Zinapoungana, kila kiungo kinapofungwa hutoka molekuli moja ya maji. Kinachosalia cha kila asidi amino ndani ya mnyororo huitwa baki. Mabaki huhesabiwa kwa namba kuanzia mwanzo wa mnyororo.

Mnyororo haukai umenyooka, bali hujikunja. Mtu akikusanya uzi wa shanga kiganjani, shanga ya 6 inaweza kugusana na ya 90 ingawa kwenye uzi ziko mbali. Ndivyo ilivyo katika protini, na migusano ya namna hiyo, baina ya mabaki yaliyo mbali katika mnyororo, ndiyo inayoshikilia umbo lake.

Aina za migusano

Kifungo cha hidrojeni hutokea hasa kati ya nitrojeni na oksijeni zilizo umbali wa takriban angstromu 3. (Angstromu 1, inayoandikwa Å, ni sehemu ya kumi ya nanomita.) Daraja la chumvi huunganisha mabaki yenye chaji tofauti, kwa mfano lisini iliyo chanya na glutamati iliyo hasi, kwa kawaida huhesabiwa kuwa lipo ikiwa nitrojeni ya moja na oksijeni ya nyingine ziko ndani ya Å 4. Sisteini mbili zinaweza kufungwa kwa daraja la salfa, ambalo ni kifungo halisi cha kemia chenye urefu wa takriban Å 2.

Kuna pia mgusano wa mabaki yasiyopenda maji, kama vile valini, leusini na fenilalanini. Haya hukusanyika pamoja ili kuyaepuka maji, kama matone ya mafuta yanavyoungana juu ya mchuzi. Wanafunzi huelekea kuupuuza mgusano huu kwa sababu hauna alama ya chaji kwenye mchoro. Hata hivyo, katika protini nyingi zinazoyeyuka majini, huo ndio msukumo mkubwa wa mnyororo kujikunja.

Jinsi ya kukokotoa

Miundo ya protini hupatikana kwa kupiga fuwele zake eksirei, kwa hadubini ya elektroni katika baridi kali, au kwa mwangwi wa sumaku wa viini vya atomu. Matokeo huwekwa katika Protein Data Bank, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1971 ambayo yeyote anaweza kuisoma bila malipo. Kila atomu huandikwa kwa namba tatu: x, y na z.

Umbali hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras. Tuseme atomu moja iko kwenye (2, 3, 1) na nyingine kwenye (5, 7, 1). Tofauti ni 3, 4 na 0. Miraba yake ni 9, 16 na 0. Jumla ni 25. Kipeuo chake cha pili ni 5. Atomu hizo ziko umbali wa Å 5. Hesabu yenyewe ni ya sekondari. Kinachohitaji kompyuta ni wingi wake. Hemoglobini ya mtu mzima ina minyororo miwili ya alfa yenye mabaki 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye mabaki 146 kila mmoja, yaani mabaki 574. Jozi za kupima ni 164,451, na kila baki lina atomu kadhaa.

Mpaka wa mgusano huchaguliwa na mtafiti. Wengine hupima kati ya kaboni beta za mabaki mawili na kukubali umbali usiofika Å 8. Wengine hutazama atomu zote isipokuwa hidrojeni na kuweka mpaka wa Å 4.5 au 5. Orodha mbili zilizotumia mipaka tofauti hazilinganishwi moja kwa moja, na ripoti isiyotaja mpaka wake haina thamani kubwa.

Ramani ya migusano

Matokeo huchorwa kwenye jedwali la mraba lenye namba za mabaki upande wa chini na upande wa kushoto. Penye mgusano huwekwa nukta. Helisi ya alfa huonekana kama mstari mnene kando ya ulalo, kwa kuwa kila baki hugusana na la tatu au la nne mbele yake. Nyuzi mbili za beta zinazokwenda upande mmoja hutoa mstari sambamba na ulalo. Zinazopishana hutoa mstari unaoukata.

Ramani hutumika pia kinyumenyume. Mabaki mawili yanayogusana huelekea kubadilika pamoja katika mageuzi, kwa sababu moja likibadilika, jirani yake hulazimika kuliafiki. Kwa kulinganisha protini za jamii moja kutoka kwa viumbe wengi, wataalamu walianza kukisia migusano kabla ya muundo kupimwa. Wazo hilo ni miongoni mwa misingi ya programu ya AlphaFold, ambayo waundaji wake Demis Hassabis na John Jumper walishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 pamoja na David Baker.

Mgusano unaoleta selimundu

Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kuwa hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya kawaida. Miaka michache baadaye Vernon Ingram alipata tofauti yenyewe: katika mnyororo wa beta, baki la 6, ambalo kwa kawaida ni glutamati, limekuwa valini. Katika mabaki 146, limebadilika moja tu.

Glutamati ina chaji hasi na hupenda maji, valini haiyapendi. Baki la 6 liko juu ya uso wa molekuli, kwa hiyo valini hiyo huachwa wazi majini. Hemoglobini inapotoa oksijeni, umbo lake hubadilika, na valini ya molekuli moja huingia katika kishimo kilicho kwenye mnyororo wa beta wa molekuli jirani. Kishimo hicho kimezungukwa na fenilalanini ya 85 na leusini ya 88, nazo hazipendi maji. Molekuli hushikana moja baada ya nyingine hadi kuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo huikunja chembe nyekundu ya damu kuwa na umbo la mundu. Chembe za namna hiyo huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Mchambuzi anayefungua faili la muundo huu hana budi kuwa makini na mambo mawili. Kwanza, mgusano uko kati ya molekuli mbili. Programu inayopima ndani ya molekuli moja haitauona. Kinyume chake, si kila mgusano wa molekuli jirani ndani ya fuwele una maana mwilini, maana mwingine huletwa na kubanana kwa fuwele tu. Huu wa valini unaaminika kwa kuwa mpangilio wa molekuli mbilimbili unaoonekana katika fuwele ndio unaopatikana pia ndani ya nyuzi za chembe za mgonjwa. Pili ni hesabu ya namba: vitabu vya jeni huanza kuhesabu na methionini ya mwanzo, ambayo baadaye hukatwa, hivyo baki la 6 huitwa la 7.

Karibu na kishimo hicho kuna baki la 87, ambalo katika mnyororo wa beta ni treonini. Hemoglobini ya mtoto aliye tumboni hutumia mnyororo wa gama badala ya beta, na hapo baki la 87 ni glutamini, iliyo kubwa zaidi. Glutamini hiyo huvuruga mgusano na kuzuia nyuzi kujengeka. Hii ni sababu mojawapo ya watoto wenye selimundu kutoonyesha dalili katika miezi ya kwanza, wakati hemoglobini ya tumboni bado ni nyingi.

Dawa ya hidroksiurea hufanya kazi zaidi kwa kuongeza hemoglobini hiyo ya tumboni. Utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipata maumivu machache zaidi, na malaria haikuongezeka kama ilivyohofiwa. Tiba moja ya jeni iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023 humpa mgonjwa jeni ya beta ambayo treonini yake ya 87 imebadilishwa kwa makusudi kuwa glutamini. Tiba hiyo ni ghali mno na huhitaji hospitali yenye uwezo wa kupandikiza seli za uboho, kwa hiyo kwa wagonjwa wengi wa Afrika hidroksiurea ndiyo iliyo karibu.