Maji Njo Inaua Kaktusi Yako

Wandugu, leo naanza na haya yangu mwenyewe. Mwaka nilimaliza lisansi ya agronomia, mama mkubwa alinipa zawadi: aloe vera mu chungu. Aliniambia, "Wewe sasa ni injeniya, hii haiwezi kukufia." Nyuma ya miezi mbili ilikufa. Kila asubuhi nilikuwa naimwangia kikombe kizima, na mvua ya Goma nayo ilikuwa inaongeza yake. Nilipoingoa, mizizi ilikuwa myeusi, laini, inanuka kama muhogo wa kuloweka. Mama mkubwa alicheka, akauliza: "Basi kule chuo mulikuwa munalima makaratasi?"

Jibu nilikuwa nayo mu daftari, sema mikono ndiyo haikujua. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana ili ivute hewa ya kaboni, na maji inatorokea palepale. Kaktusi na aloe zinafungua usiku, wakati kuko baridi. Zinaweka ile hewa kama asidi, mchana zinafunga vitundu na kuitumia pamoja na mwangaza wa jua. Tena ziko na akiba ya maji mu mwili. Ukimwanga kila siku, udongo haukauki, mizizi inakosa oksijeni, kisha uozo unaingia.

Sasa tufanye nini?

1. Udongo. Hapa Goma tuko na bahati. Nyiragongo, ile ambayo moto wake ulipita katikati ya mji mu 2002, imetuachia changarawe nyeusi yenye matundu. Chekecha, tosha vumbi, changanya na udongo nusu kwa nusu. Chungu kiwe na tundu chini. Hata boksi ya maziwa utaitoboa na musumari.

2. Maji. Ingiza kijiti mpaka chini. Kikitoka na udongo umekamata, ngoja. Kikitoka kikavu, mwanga mpaka maji itoke chini, alafu wacha. Mvua ya Septemba mpaka Desemba ikianza, weka chungu chini ya paa.

3. Mwangaza. Weka karibu na dirisha. Kama ilizoea nyumbani, usiitoe gafla mu jua kali, itaungua. Sogeza polepole.

4. Dalili. Majani ya chini yamelegea kama yamepikwa: maji mingi. Yamekunjamana na kuwa membamba: kiu. Kiu inapona. Uozo hauponi, kata kipande kizima cha juu, ukianike kivulini kama juma moja mpaka kidonda kikauke, ndipo upande.

Angalisho moja: ile mimea minene yenye miba tunapanda ku ua, watu wanaiita kaktusi, kumbe mingi ni euforbia. Kaktusi asili yake ni Amerika. Euforbia ukiikata inatoa maziwa meupe, na yakiingia mu macho ni hatari. Nawa mikono vizuri, na watoto wasiichezee.

Mimi nilirudi kwa mama mkubwa kuomba mtoto mwingine wa aloe. Alinipa, sema na sharti: nisimwange hata tone kwa wiki mbili. Iko hai mpaka leo. Juma iliyopita nilimpelekea watoto wake watatu. Alivihesabu vyungu, akaniita injeniya tena.