Kabla ya Kununua Kompresa ya Karakana

Membley na sehemu nyingine za Ruiru, ni vigumu kupata karakana ya rangi za magari, ya magurudumu au ya samani isiyotumia kompresa. Wanunuzi wengi hutazama bei na ukubwa wa tangi. Tangi ni ghala tu. Kazi hutegemea kiasi cha hewa ambacho mashine inatoa kila dakika, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Fundi wa pancha anahitaji shinikizo kubwa lakini hewa kidogo, kwa muda mfupi. Mpaka rangi ni kinyume chake: shinikizo lake ni dogo, ila kifaa cha kupulizia kinaweza kumeza lita 300 za hewa kwa dakika bila kupumzika. Akinunua kompresa ndogo ya pistoni iliyoandikwa lita 200, rangi itaanza kutoka kwa vipande mlango wa kwanza wa gari ukiwa haujaisha. Isitoshe, takwimu hiyo ya lita 200 mara nyingi ni hewa inayovutwa, si inayotoka. Inayotoka huweza kupungua kwa karibu theluthi. Muuzaji aulizwe hiyo ya pili.

Kuna jambo ambalo vibandiko havisemi. Ruiru iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Mashine iliyopimwa pwani itafanya kazi pungufu kwa kiasi hicho huku. Kwa hivyo ni busara kujumlisha mahitaji ya vifaa vinavyotumika pamoja, kisha kuongeza robo.

Kompresa ya pistoni inafaa kazi ya vipindi, kwa kuwa lazima ipumzike ipoe. Kiwanda kinachotumia hewa mchana kutwa kinahitaji ya skrubu, ambayo ni ghali na kwa kawaida hutaka umeme wa fezi tatu. Wanaooka mikate au kufungasha vyakula wachague isiyotumia mafuta, maana mafuta husafiri na hewa hadi kwenye chakula.

Shinikizo la ziada nalo si faida. Kila bar 1 isiyohitajika huongeza matumizi ya umeme kwa takriban asilimia 7, na tundu la milimita 3 kwenye bomba linaweza kula umeme zaidi ya kilowati 3. Maji ya sabuni kwenye viungo hulifichua kwa dakika chache.

Tangi kuukuu ndilo hatari kubwa. Hewa ikikandamizwa huacha maji, maji hutuama chini, na chuma huliwa na kutu kutoka ndani huku nje rangi ikingʼaa. Likipasuka, huua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tangi liwe na alama ya shinikizo salama, geji, valvu ya usalama na njia ya kutolea maji, na likaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa. Tangi lililochomelewa kiraka, au lililotengenezwa kwa mtungi wa gesi, lisinunuliwe kwa bei yoyote. Maji yatolewe kila jioni, kabla ya karakana kufungwa.